Barua ya wazi: Mwalimu hakuliona Bonde la Oldupai

Kwa Mkuu wa ofisi iliyogawa mwongozo wa safari kwa wakazi wa Olasiti, kwa heshima.

Safari ya siku moja kutoka Olasiti hadi Bonde la Oldupai hupangwa kwa saa. Lami hupita Kisongo, Makuyuni na Mto wa Mbu, hupanda Karatu na kufika lango la Lodoare. Baada ya lango ni vumbi na mawe: gari huzunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, hushuka Malanja, kisha huacha njia ya Serengeti penye sanamu ya mafuvu mawili. Jioni saa kumi na mbili lango hufungwa.

Kabla ya lango kuna malipo. Ada hulipwa kwa namba maalumu, benki au kwa simu. Mwongozo wa ofisi ulisema fedha taslimu hupokelewa langoni. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyomnyima mwalimu bonde.

Mwalimu huyo mstaafu ni baba wa mwandishi wa barua hii. Kwa miaka 31 aliandika ubaoni: 17 Julai 1959, Mary Leakey, Zinjanthropus, miaka milioni 1.75. Aliwaeleza watoto kwamba oldupai ni mkonge wa porini kwa Kimaasai. Aliwachorea korongo la kilomita 48, tabaka juu ya tabaka, naye hajawahi kulitia machoni.

Familia ilichanga miezi minane ikakodi gari. Saa tatu asubuhi ilikuwa langoni, fedha zikiwa kwenye bahasha. Askari walieleza utaratibu kwa upole. Gari likarudi Karatu kutafuta wakala wa kuweka fedha kwenye simu. Mtandao ukasumbua, na malipo yakakamilika saa tisa alasiri. Dereva alipiga hesabu ya kwenda na kurudi, muda haukutosha. Gari likageuzwa. Mwalimu hakuliona bonde.

Fedha za gari zimepotea. Hizo zitatafutwa tena. Magoti ya mzee wa miaka 79 hayatafutwi. Daktari amemkataza safari ndefu, na mwalimu hakuliona bonde.

Wananchi huhimizwa kila mwaka kutembelea vivutio vya nchi yao. Mgeni kutoka ng'ambo ana kampuni ya kumpangia kila kitu. Mwananchi wa Olasiti ana karatasi tu. Karatasi ikikosea, hana pa kuuliza, na wito wa kutalii nyumbani unabaki maneno.

Ofisi inaombwa kufanya mambo matatu. Iondoe mezani mwongozo huo, ambao hadi leo unagawiwa. Ichapishe mwingine unaotaja namna ya kulipa, ada zote za watu na za gari, na saa ya mwisho ya kupita langoni ili mtu aweze kurudi. Kila msimu, kabla ya kuugawa, imtume mtumishi wake aifuate njia hiyo kutoka Olasiti, karatasi mkononi, hadi alione bonde.