NYASI NAZO ZIACHWE

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kaeni kitako niwaeleze jambo linalonikera moyoni.

Kila Jumamosi asubuhi sisi wanachama kumi na mmoja wa chama cha kutazama ndege huingia malishoni, daftari mkononi, soksi zimelowa umande chepechepe. Wenzetu wa mpira hutucheka. "Mnawinda nini na hamna hata manati?" huuliza. Sawa tu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Tunayemtafuta ni ndege mdogo, kahawia mgongoni, manjano kifuani, mwenye ukucha mrefu wa nyuma. Kwa Kiingereza huitwa Sharpe's Longclaw. Usipokuwa makini utampita, maana mgongo wake ni kama nyasi kavu. Hutembea chini, na kiota chake hukijenga papo hapo kwenye shina la nyasi. Ndege huyu hayuko Tanzania, hayuko Uganda, wala Ulaya kwa wenye pesa hayuko. Yuko Kenya peke yake, katika nyasi za nyanda za juu kama hapa kwetu Kinangop, Mau Narok na Molo. Wataalamu wamemtia katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani.

Sasa hoja yangu ni hii. Kila mgeni anayekuja gwarideni kutufunza mazingira husema neno lile lile: pandeni miti. Nasi hupiga makofi. Muhula uliopita tuliletewa miche ya mikaratusi, na sasa kuna mpango wa kuipanda yote katika uwanja ulio nyuma ya maabara ili jikoni kusikose kuni. Mimi sipingi kuni. Githeri ya shule naila kama ninyi, tena naongeza. Lakini uwanja huo ndio tulimowahesabu ndege hawa wanne mwezi wa sita. Haishi msituni huyu. Haishi penye viazi wala kabichi. Hata nyasi zikirefuka kupita kiasi hazimfai, ndiyo maana ng'ombe na kondoo ni rafiki zake. Ukimpandia miti umemfukuza, hata kama uliipanda ukiimba wimbo wa mazingira!

Najua kuna watakaosema mtoto huyu anaota. Baba yangu alishasema. Babu alipata shamba letu wakati mashamba ya walowezi yalipogawanywa baada ya uhuru, akafuga kondoo na ng'ombe. Baadaye maziwa hayakulipa, kipande baada ya kipande kikalimwa. Mwezi wa tatu mwaka huu Baba alitaka kulima malisho yaliyobaki. Nikamweleza habari za ndege, tena kwa adabu. Akanitazama kitambo, kisha akauliza, "Huyo ndege wako ndiye atakayekulipia shule?" Niliishiwa na maneno. Nisiwadanganye, jembe lilipita katika nusu ya malisho yale, na pesa za chakula changu cha muhula huu zimetoka kwa viazi hivyo. Nusu ya pili bado ipo. Baba hajasema lolote juu yake, nami sijauliza.

Ndiyo maana nasema chama cha ndege kisichozungumza na wazazi wetu ni mchezo tu. Wale wa Friends of Kinangop Plateau walilitambua hilo zamani. Pale Njabini walianzisha kazi ya kusokota sufu, kwa kuwa mwenye kondoo anayepata shilingi mbili tatu kwa sufu ana sababu ya kubakiza malisho. Nature Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka wa 1909, nacho kilinunua vipande vya nyasi huku Kinangop viwe hifadhi. Elimu ya namna hiyo ndiyo naitaka mimi, si mabango ya ndovu tu. Ndovu mwenyewe wengi wetu hatujamwona!

Na yule anayedhani kutazama ndege ni starehe ya wazungu, ajue kwamba vyama vya wanyamapori mashuleni vilianza Kenya hii mwaka wa 1968, na wanafunzi ndio waliokuwa mbele. Sisi tuna darubini moja, na jicho lake moja lina ukungu. Tunapokezana.

Kwa Mwalimu Mkuu, kwa heshima na taadhima, naomba miche ipandwe kando ya ua, pande zote nne ikiwezekana, na uwanja ule uachwe na nyasi zake. Ng'ombe wa shule waendelee kulisha humo. Kuni zitapatikana, hata kama ni chache. Nasikia shimo la kwanza litachimbwa wiki ya pili ya muhula ujao, kwa hiyo muda ni mchache.

Nanyi wenzangu, hata ninyi wa mpira, njooni Jumamosi saa moja asubuhi, langoni. Vaeni viatu ambavyo mama hatawagombeza vikilowa.