Mtoto wa Adui Kifuani

Juma hili nataka kuzungumza nanyi, wasomaji, juu ya zile hadithi za watu wa majeshi mawili yapiganayo ambao huwa marafiki. Vijana huzipenda sana. Wazee huzicheka, wakisema ni ndoto za watungaji, kwani adui ni adui. Lakini mtu akishika njia ya Namanga kutoka Nairobi, akapita Kitengela na kuendelea mpaka Kajiado, yumo katika nchi ambamo mambo hayo yalitendeka kweli, tena kwa kanuni zake.

Zamani mbuga za Kitengela zilikuwa malisho ya Wamasai wa Kaputiei. Upande wa mashariki walikaa Wakamba, na ng'ambo ya Ngong walikaa Wakikuyu. Wote hao walinyang'anyana ng'ombe, na damu nyingi ilimwagika. Hata hivyo, wapiganaji walipokuwa wakiviziana, wanawake wa Kikuyu waliteremka na mizigo ya nafaka, viazi, tumbaku na vibuyu mpaka kwenye maboma ya Wamasai, wakarudi na ngozi. Na kwa desturi hawakuguswa. Mimi naona jambo hili ni la ajabu kuliko ushujaa wowote wa mkuki: mwanamke mwenye mzigo mgongoni, ambaye labda mumewe ameuawa na watu wale wale, aingia bomani mwao kuuliza bei ya ngozi.

Karibu na mwaka 1891 sotoka iliteketeza ng'ombe, kisha ikafuata ndui. Ndipo Wamasai wengi walipokimbilia kwa Wakikuyu, na wengine wakawaacha watoto wao huko ili wapate chakula.

Amani kamili nayo ilikuwa na kiapo chake. Bwana A. C. Hollis, ofisa wa serikali aliyejifunza Kimasai, alikieleza katika kitabu kilichopigwa chapa Oxford mwaka 1905. Pande mbili zilikutana mahali walipopatana. Kila upande ulileta wazee wake wakuu, ng'ombe mwenye ndama, na mwanamke mwenye mtoto anyonyaye. Wote walishika majani mkononi, kwa kuwa majani ni alama ya amani kwa Wamasai. Wakabadilishana ng'ombe. Kisha wanawake wale wawili wakabadilishana watoto: mtoto wa adui akanyonya ziwa la Mmasai, na mtoto wa Kimasai akanyonya ziwa la mama wa adui. Baada ya hapo kila mtu alirudi kwake, akijua ya kuwa kiapo kizito kimekwisha fungwa. Ndivyo, asema Hollis, amani ilivyofanywa na Walumbwa kwenye kivuko cha Sangaruna.

Tazameni ni kitu gani kilichowekwa rehani hapo. Wazee walitoa maneno, na maneno hayana gharama kubwa. Bali mama yule alimtia mwanawe mikononi mwa mtu ambaye jana alikuwa adui, akaketi akitazama, huku naye amempakata wa mwenziwe.

Kwa mtu na mwenziwe ilikuwako njia nyingine, nayo haijafa: osotua. Maana ya asili ya neno hilo ni kiungamwana, kile kinachomfunga mtoto na mamaye tumboni. Na ndilo lililochaguliwa kuwa «Agano» katika Biblia ya Kimasai. Mwenye shida huomba, naye aombwaye hutoa awezacho, pengine mbuzi, pengine mtamba, wala hakuna aandikaye deni. Urafiki huo hurithiwa na watoto, na huweza kufungwa hata na mtu wa kabila lingine. Karani aliyezoea vitabu vya hesabu ataona ni upuuzi, mpaka aulize wafugaji walivyovuka miaka ya ukame.

Mwaka 1988 ardhi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa kwa wenyewe, na viwanja vingi vimeuzwa tangu hapo. Leo jirani wa Mmasai ni Mkamba, au Mkikuyu, au Mluo, na katikati yao upo ua wa waya. Siku ya kuuziana walikutana mbele ya wakili, wakatia sahihi, na kila mmoja akaondoka na karatasi yake.