Njia Isiyo ya Kawaida, kwa Nani?



Swali ninaloandika juu yake niliulizwa kwa simu, nikiwa nje ya bwalo baada ya chakula cha mchana. Aliyepiga ni mama mkubwa, anayeishi kijijini upande wa Mpwapwa. "Frateri, mwanangu," alisema, "baba yako mkubwa amekataa kurudi kwenye mashine. Anasema imetosha. Sasa hiyo si kujiua? Kanisa linasemaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Wiki chache kabla tulikuwa tumesoma darasani hotuba ambayo Papa Pio wa XII aliwapa madaktari wa usingizi mwezi Novemba 1957. Humo alieleza kwamba mtu anawajibika kulinda uhai wake kwa njia za kawaida, yaani zile zisizomwelemea mno yeye wala wengine, na kwamba kinachohesabika kuwa cha kawaida hutegemea mtu, mahali na nyakati. Tamko la Kanisa kuhusu eutanasia la mwaka 1980 linakubali hata sababu ya mgonjwa kutotaka kuibebesha familia yake gharama kubwa kupita kiasi. Katekisimu nayo, katika namba 2278, inatofautisha kuacha tiba iliyo mzigo mzito na kuua. Basi nikamjibu kwa utulivu: hapana mama, si kujiua wala si dhambi, mpeni Mpako wa Wagonjwa na msimwache peke yake. Alinishukuru sana. Baba mkubwa alifariki siku ya tisa.

Jibu langu lilikuwa sahihi, na leo ningeulizwa tena ningejibu hivyo hivyo. Kinachonisumbua ni kwamba nilipokuwa naongea na simu ile, mfukoni nilikuwa na kadi ya bima ya afya. Mafrateri tumekatiwa. Figo zangu zingeshindwa kesho, mashine ile ile ambayo kwake niliiita "njia isiyo ya kawaida" ingekuwa kwangu ya kawaida kabisa. Ningepanda daladala kwenda hospitali mara tatu kwa wiki nikiwa na kitabu changu cha metafizikia, na hakuna ambaye angeniuliza kama imetosha.

Baba mkubwa alikuwa katekista wa kigango kwa zaidi ya miaka ishirini. Mgongo ulimsumbua siku nyingi, akawa anameza vidonge vya diklofenaki vya dukani kama mtu anavyokunywa chai. Shinikizo la damu alikuwa nalo bila kujua. Alipoanza kuvimba miguu na kutapika asubuhi, alitibiwa malaria kwanza, kisha vidonda vya tumbo. Kufika Dodoma mjini figo zilikuwa zimekwisha. Wakamwekea mrija shingoni, akaanza kusafishwa damu.

Kwa asiyejua, huduma hii (dayalisisi, kama wengi wanavyoiita) haiponyi figo. Inafanya kazi ya figo kwa saa kama nne, damu ikitolewa mwilini, ikipitishwa kwenye chujio na kurudishwa. Keshokutwa unaanza upya. Kawaida ni mara tatu kwa wiki, yaani mara 156 kwa mwaka, maadamu unaishi, isipokuwa upandikizwe figo ya mtu mwingine. Baba mkubwa alitozwa kama shilingi laki mbili kila safari ya mashine. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya milioni thelathini na moja kwa mwaka, kwa mkulima wa uwele na karanga. Hapo hujahesabu vipimo, sindano za kuongeza damu, na nauli. Safari ya Mpwapwa na kurudi mara tatu kwa wiki haiwezekani kwa mgonjwa wa namna hiyo, hivyo alipanga chumba mjini, na mama mkubwa akaacha shamba kumfuata. Hata maji alipimiwa, kwa sababu figo hazikuyatoa tena. Mjue joto la Dodoma mwezi wa kumi na moja, halafu mwambieni Mgogo asinywe maji.

Kadi ya CHF iliyoboreshwa alikuwa nayo, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Ilimsaidia zahanati. Kwenye mashine haikufika.

Jumuiya yao ilimchangia. Nasema hili kwa heshima, maana najua hali ya kile kijiji: watu walitoa elfu mbili mbili, wengine debe la mtama, na baba paroko akatangaza mchango wa pili Jumapili. Zilipatikana fedha za safari sita za mashine. Wiki mbili. Tukapiga makofi, tukaimba, na baada ya wiki mbili ng'ombe wakaanza kwenda mnadani.

Baada ya mazishi ndipo kaka, mtoto wake wa kwanza, aliniambia jambo ambalo mama mkubwa hakulisema kwenye simu. Mzee hakuchoshwa na mashine. Alikuwa ameizoea, hata alikuwa akiwatania manesi kwa Kigogo. Alikataa kurudi wiki ile walipoanza kuzungumzia kuuza maksai wawili wa kulimia, wa mwisho kubaki zizini. Aliyetamka "imetosha" alikuwa yeye, lakini waliokuwa wametosha ni ng'ombe.

Je, mafundisho ya Kanisa yanamruhusu mtu kuacha tiba kwa ajili ya maksai wa wanawe? Yanamruhusu, na huenda huo ulikuwa upendo mkubwa. Ila yanamwondolea lawama yeye aliyelala kitandani. Sisi tuliobaki hayatuondolei chochote. Kama kawaida na isiyo ya kawaida hutegemea mahali na nyakati, basi lazima tuulize ni nani anayepanga mahali na nyakati ziwe hivyo. Umbali hadi mashine na bei yake ni mambo ya watu. Hayakushuka kama ukame.

Ushahidi upo katika historia ya mashine yenyewe. Daktari Willem Kolff aliitengeneza Uholanzi mwaka 1943, katikati ya vita, lakini hadi mwaka 1960 ilifaa tu kwa figo zilizosimama kwa muda. Mwaka huo, huko Seattle, Marekani, Belding Scribner alibuni mrija wa kubaki mkononi, na mgonjwa akaweza kuunganishwa tena na tena. Mashine zikawa chache kuliko wagonjwa. Wakaunda kamati ya raia wa kawaida, akiwemo mchungaji mmoja, ya kuamua nani aingie na nani arudishwe nyumbani kufa. Walitazama ndoa, watoto, kazi, hata kwenda kanisani. Jarida la Life lilipoandika habari zake mwaka 1962, watu walishtuka. Mwaka 1972 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwalipia karibu wagonjwa wote wa figo, na kamati za namna hiyo zikakosa kazi. Ugonjwa haukubadilika. Sheria ndiyo iliyosogeza mpaka.

Sisi hapa kamati hatuna. Tuna zizi la ng'ombe, nalo linaamua kimya kimya bila mwandishi wa habari kulishtukia.

Najua pingamizi, na mwalimu wetu mmoja hunipinga nalo kila tukikaa. Milioni thelathini kwa mwaka kwa mtu mmoja zingenunua vyandarua vya kata nzima. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikutana na jambo hilo katika kesi ya bwana Soobramoney, aliyenyimwa mashine katika hospitali ya serikali mjini Durban kwa kuwa hazikutosha. Mahakama ilikiri ugumu wa hali yake, ikaamua kwamba hospitali haikuvunja katiba. Alifariki muda mfupi baadaye. Sidhani kwamba majaji wale walikuwa watu wabaya. Serikali maskini lazima ichague, na anayekataa kuona hilo anahubiri tu. Lakini kuchagua kwa kanuni inayojulikana, iliyojadiliwa hadharani, ni tofauti na kuacha bei ichague. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba mbele ya hitaji la kufa na kupona, mali hurudi kuwa ya wote. Hakuandika kwamba hurudi kwa wenye kadi.

Wala hatuwezi kusema nchi haina uwezo wa kitabibu. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na miezi michache baadaye, mwaka 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma nayo ikafanya hivyo kwa msaada wa madaktari wa Japani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ilipitishwa na Bunge lililo kwenye mji huu huu aliopanga chumba baba mkubwa, nayo inaweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Sheria ni nzuri. Kazi iliyobaki ni kwamba mtu wa Mpwapwa ajue ipo, aandikishwe akiwa bado mzima, na kifurushi chake kifike kwenye mashine badala ya kuishia zahanati.

Hapo ndipo nawageukia Wakatoliki wenzangu, maana tuna kitu ambacho Wizara haina: jumuiya ndogo ndogo hadi mlango wa mwisho wa kijiji. Tunajua nani hajabatiza mtoto na nani hajalipa zaka. Hatujui nani hana bima. Fedha zile zile tunazochangishana mtu akishavimba zingeweza kumlipia ada jirani mjane kabla hajaugua, awe Mkatoliki, Mwanglikana au Mwislamu. Kipimo cha shinikizo baada ya Misa hakihitaji mfadhili wa Ulaya, bali nesi mmoja wa parokia, na tunao. Na hapa Dodoma mjini nyumba za mashirika na za parokia ni nyingi. Sijasikia hata moja iliyotenga vyumba viwili kwa ajili ya wagonjwa wa mashine wanaotoka vijijini. Kama ipo naomba radhi, na naomba namba ya simu.

Mafrateri wenzangu, siku moja mtaulizwa swali nililoulizwa mimi. Mjibu kama nilivyojibu, maana ndiyo kweli. Ila kabla ya kukata simu, ulizeni zizini wamebaki wangapi.

Siku ya kuanua matanga mama mkubwa aliniita pembeni. Juu ya dhambi hakuuliza tena. Alitaka kujua kama kile kikadi changu kingeweza kumwandikisha na yeye, kwa kuwa ni mama yangu. Nilimweleza kwamba hakiwezi. Akatikisa kichwa, akaenda kuwapakulia wageni.