Mtoto Mdogo Ziwani: Zamu Ni ya Nani?

Askari anaporudi nyumbani kwa likizo baada ya miezi mingi kambini au mpakani, aghalabu hukuta jambo ambalo hakuna mkuu wa kikosi aliyemwandaa kulikabili: mtoto wake mdogo hamjui. Mkubwa humkimbilia mlangoni. Mdogo hujificha nyuma ya kanga ya mama yake na kumchungulia kama anavyochunguliwa mgeni. Mama huona haya kwa niaba ya mtoto, baba huficha uchungu wake kwa kucheka, na siku kumi za kwanza za likizo huishia katika kutembelea wazee na kumaliza shauri la mabati ya nyumba. Ndipo linapozuka wazo la kusafiri wote pamoja, walau kwa siku chache, ili baba na mtoto wazoeane mahali ambapo hakuna anayebisha hodi.

Wako walio na ndugu au wakwe katika Jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia, ambao kwao mapumziko ni Nchelenge, kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru. Kwa anayetoka Tanzania mwendo si mfupi. Hupita Tunduma na Nakonde hadi Kasama, kisha Luwingu na Mansa, na kutoka Mansa barabara hugeukia kaskazini, ikifuata bonde la Mto Luapula kupitia Mwense na Mwansabombwe. Mwenye mtoto wa miaka miwili au mitatu asithubutu kuumaliza mwendo huo kwa mkupuo mmoja. Alale Kasama, na akiweza alale tena Mansa. Hati za safari za mtoto zitengenezwe mapema kama za wakubwa, na utaratibu wa ruhusa ya kutoka nchini askari anaujua mwenyewe. Nakonde saa ya mkononi hurudishwa nyuma kwa saa moja. Tumbo la mtoto halirudishwi, naye ataamka kwa saa za nyumbani, gizani, akidai uji. Kwa bahati njema, ziwani alfajiri ndiyo heri ya siku nzima.

Mweru ni ziwa lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 5,000, ambalo maji yake yamegawanywa kati ya Zambia na Kongo. Luapula huingia upande wa kusini, na maji hutoka upande wa kaskazini, penye mji wa Pweto, kwa Mto Luvua unaoelekea Lualaba na hatimaye Mto Kongo. Si ziwa la vilindi kama Tanganyika. Sehemu yake ya kusini ni ya kina kifupi sana, na kwa sababu hiyo upepo ukivuma mawimbi yake huinuka upesi, yakawa mafupi na yenye hasira. Ndani yake kimo kisiwa kiitwacho Kilwa, kilicho chini ya Zambia, na ng'ambo ya pili upo mji wa Kongo wenye jina hilo hilo, jina ambalo Mtanzania yeyote atalisikia kana kwamba ni la kwao. Kiswahili nacho si kigeni mwambaoni hapo. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta huko Muhammad bin Salih, mfanyabiashara aliyekwisha kuishi hapo miaka mingi. Leo wenyeji husema Kibemba na lugha za jirani, lakini wachuuzi kutoka ng'ambo ya Kongo huja na Kiswahili chao, na mgeni akianza kwa kuamkia "mwapoleni mukwai" hupata msaada kwa lugha yoyote iliyo karibu.

Hayo ni ya wakubwa. Mtoto wa miaka mitatu hana habari na Livingstone, wala kisiwa hakimshughulishi. Yeye hutaka mchanga, maji, na kitu cha kuchotea. Baba aliyesafiri siku tatu ili kumwonyesha mwanawe ziwa hukasirika kidogo akiona mtoto amelipa ziwa kisogo na kushughulika na kifuniko cha chupa. Hasira hiyo haina msingi. Mtoto yuko kazini. Anayetaka kujuana naye achuchumae hapo alipo, achimbe naye, wala asimvute kwenda kutazama mandhari.

Saa nzuri ni tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne. Wakati huo jua halijawa kali, upepo mara nyingi umetulia, na wavuvi waliokesha majini wanarudi. Mbele ya macho ya mtoto hupita kila kitu ambacho kitabu cha picha hakiwezi kumpa: mitumbwi ikivutwa, nyavu zikikung'utwa, wanawake wakianika chisense juani. Hao ni visamaki vidogo vya fedha ambavyo mama wa Kitanzania atavitazama mara moja na kusema kwamba ni dagaa. Anayesafiri kwa ajili ya samaki akumbuke kwamba Zambia hufunga uvuvi kila mwaka tangu mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari, na miezi hiyo ndiyo ya mvua kubwa pia. Mei hadi Agosti ni kukavu, na katika Juni na Julai usiku huwa na baridi ya kutosha kumfanya mtoto avalishwe sweta.

Baada ya saa nne mtoto arudi kivulini, ale, alale. Watu wa Luapula hula zaidi ugali wa muhogo, ambao mtoto aliyezoea wa mahindi huweza kuukataa siku mbili mfululizo. Kifuko cha unga wa uji kutoka nyumbani huondoa ugomvi huo. Maji ya kunywa yachemshwe bila kujali yanavyoonekana, kwa kuwa kipindupindu kimezuka zaidi ya mara moja katika vijiji vya wavuvi vya mwambao huu. Alasiri, jua likipungua, familia inaweza kutembea hadi soko la Kashikishi, mji mdogo uliopakana na Nchelenge, mtoto akiwa begani kwa baba yake.

Jioni kuna mtego. Nchelenge inatazama magharibi, hivyo jua huzama juu ya maji, upande wa Kongo, na ziwa zima hugeuka rangi ya shaba. Kila mgeni hutaka kukaa ufukweni hadi nuru ya mwisho. Lakini wilaya ya Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi kabisa, na huko ugonjwa huo haungoji masika. Huambukizwa mwaka mzima. Kwa hiyo kufika saa kumi na moja na nusu mtoto awe amekwisha kuogeshwa, amevaa mikono mirefu na suruali, na giza likiingia awe ndani ya chandarua chenye dawa. Chandarua kichukuliwe kutoka nyumbani, maana kile cha nyumba ya wageni huenda kina matundu ambayo hakuna atakayeyaona kwa taa. Wakubwa wanaotaka kutazama machweo watazame kwa zamu. Kabla ya safari mzazi amwone mganga, aulize kuhusu dawa ya kinga inayomfaa mtoto wa umri na uzito huo, wala asimkatie kidonge cha mtu mzima kwa kukisia.

Sasa maji yenyewe. Mweru ina mamba, hasa penye matete na kwenye midomo ya mito, na mwenyeji ndiye ajuaye ni wapi walionekana juzi. Aulizwe kila siku, si siku ya kwanza tu. Kichocho nacho hukaa katika maji matulivu yenye majani na konokono. Mahali penye mchanga mtupu na mawimbi ni nafuu, ingawa nafuu si usalama kamili. Kwa mtoto wa miaka miwili liko shauri jepesi ambalo baba wengi hulicheka kabla ya kulijaribu: beseni. Lijazwe maji ya bomba au ya kisima, liwekwe mchangani kivulini, na mtoto apewe kikombe. Atacheza humo saa nzima akiona ziwa mbele yake, na kwake yeye amekwenda ziwani kwelikweli. Beseni lenyewe lisiachwe bila mtu, na mchezo ukiisha limwagwe pale pale.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama majini duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Mtoto mdogo hazami kwa kelele. Hapigi mikono wala haiti. Uso hulala majini, naye hunyamaza, katika maji yasiyofika magoti ya mtu mzima, kwa muda ambao mtu angetumia kuwasha jiko. Na mara nyingi jambo hilo hutukia wakati watu wazima wapo, tena wengi. Shangazi anadhani mtoto yuko kwa mama yake, mama anadhani yuko kwa baba, baba anadhani kwamba penye wanawake watatu mtoto hawezi kukosa mwangalizi.

Askari, kuliko watu wote, hana udhuru wa kudhani. Lindo haliachwi mpaka mwingine amelipokea, na aliyelipokea hujulikana kwa jina na kwa saa. Utaratibu huo huo upelekwe ufukweni. Kila wakati awepo mtu mzima mmoja, akiwa na kazi moja tu, karibu na mtoto kiasi cha kumfikia kwa mkono. Simu ikae mfukoni, bia ingoje hadi zamu iishe, wala asipewe samaki wa kuparua. Akitaka kuondoka akabidhi kwa maneno yanayosikika: "Mama, nakukabidhi mtoto." Naye ajibu, "Nimempokea, baba." Bila jibu hilo hakuna aliyekabidhiwa. Kaka au dada wa miaka tisa hapokei zamu, hata akiwa mwerevu namna gani.

Mume na mke wataona haya siku ya kwanza, wakwe watacheka, na siku ya pili wakwe wenyewe wataanza kuulizana zamu ni ya nani. Na zamu iliyo ndefu kuliko zote, ile ya asubuhi, inamfaa baba. Kwa muda wa mwaka mzima mama amekuwa lindoni peke yake, usiku na mchana. Saa tatu za kukaa kwenye mkeka bila kugeuza shingo ni likizo yake yeye. Kwa baba, saa tatu za kumtazama mtoto mmoja bila kufanya kazi nyingine humfundisha mambo ambayo barua na simu hazikuwahi kumweleza: kwamba mtoto hutumia mkono wa kushoto, kwamba huogopa mbwa lakini si radi, kwamba wimbo wake anaurudia akifikiri hakuna anayesikia. Mtoto naye, kila akiinua uso, hukuta mtu yule yule yupo.

Ikitokea ajali, mtoto aliyetolewa majini asining'inizwe kichwa chini kama wengi wafanyavyo. Maji hayatoki kwa namna hiyo, na muda unapotea. Alazwe chali mahali pagumu, na kama hapumui apuliziwe pumzi mara moja, kisha akandamizwe kifua, bila kukoma, huku wengine wakitafuta gari la kumfikisha Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo huko Kashikishi. Hata akizinduka na kulia apelekwe hospitali, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni huweza kumsumbua saa kadhaa baadaye. Mwenye kujifunza huduma hii kikosini amfundishe mkewe kabla ya kufunga mizigo.

Kuhusu safari ya kisiwani, mwenye mtoto mdogo hakosi kitu akiiacha. Kama hapana budi kwenda, waende asubuhi, kwa chombo kisichojazwa kupita kiasi, na mtoto avae koti la kuokolea maisha lililoshonwa kwa kimo chake. La mtu mzima humponyoka kichwani akianguka. Badala yake ipo siku moja ya kuondoka mwambaoni na kupanda uwanda wa Kawambwa, kwenye ubaridi, kuyaona maporomoko ya Ntumbachushi katika Mto Ng'ona. Huko mtoto ashikwe mkono au abebwe, maana miamba huteleza. Likizo ikiangukia mwisho wa Julai, iko sherehe ya Umutomboko huko Mwansabombwe, ambapo Mwata Kazembe wa Walunda hucheza mbele ya umati. Ngoma ni kubwa, vumbi ni jingi, jua halina huruma. Mtoto avumiliaye saa moja amevumilia vya kutosha. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa kalamu mkononi mwake, kwa sababu mtoto anayepotea katika umati wa Kibemba hataweza kusema ni wa nani.

Safari haiishi mtu anapofika nyumbani. Malaria huchukua siku saba au zaidi kujitokeza, mara nyingi wiki mbili, wakati baba amekwisha kurudi kikosini na mama yuko peke yake. Homa yoyote katika miezi miwili baada ya kurudi ipelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, hasa kwa wakaao mahali pa baridi ambapo mganga haitarajii malaria upesi, naye aambiwe mara anapomshika mtoto kwamba alikuwa Ziwa Mweru. Mkojo wenye damu, hata baada ya miezi mitatu, uelezwe vilevile. Tarehe ya kuondoka Nchelenge iandikwe katika kadi ya kliniki ya mtoto, mahali ambapo mama hataitafuta.