Utetezi Unaojipinga

Kila mwanariadha nyota wa Kenya anapofungiwa kwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku, tunasikia utetezi ule ule: tunaonewa, ni bahati mbaya ya dawa ya kawaida, ni umaskini, na hayo yote yakigonga mwamba, basi dawa ziruhusiwe. Mmeyasikia redioni na vijiweni. Wasomaji, leo ninyi ndio mahakimu. Yapimeni moja moja, kisha myapime kwa pamoja.

Dai la kwanza: Kenya inaandamwa kwa sababu inashinda. Ni kweli wapimaji hawabanduki Iten na Eldoret. Lakini Urusi ilifungiwa nzima nzima na shirikisho la riadha duniani Novemba 2015, ikakaa nje hadi Machi 2023. Kenya ilipokaribia adhabu hiyo mwaka 2022, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5, na adhabu ikaepukwa. Mwonevu gani huyo anayesamehe kwa ahadi? Tena kumbukeni Beijing 2008. Rashid Ramzi wa Bahrain alishinda mita 1500, sampuli yake ikapimwa upya, ikakutwa na dawa ya kuongeza damu. Dhahabu ikaenda kwa Asbel Kiprop wa Kenya, na sikumsikia mtu huku kwetu akilia kwamba Bahrain imeonewa. Sampuli ya Kiprop mwenyewe ya Novemba 2017 ilipokutwa na EPO, nayo ni dawa ya kuongeza damu, kanuni zile zile zikageuka kuwa njama. Mkuki kwa nguruwe.

Dai la pili: wengi wamemeza dawa bila kujua. Hutokea, na kanuni zinalitambua hilo: anayethibitisha dawa ilivyomwingia mwilini bila uzembe mkubwa hupunguziwa adhabu. Kinachotakiwa ni ushahidi, na hapo ndipo utetezi huu unapokwama. Ruth Chepngetich, aliyekimbia marathoni ya Chicago mwaka 2024 kwa saa 2:09:56, alitoa sampuli Machi 2025 iliyokuwa na dawa ya kukojosha, ambayo huweza kuficha dawa nyingine. Kiwango kinachovumiliwa ni nanogramu 20 kwa mililita. Yake ilikuwa 3,800. Mwanzoni hakuwa na maelezo. Baadaye akasema alikunywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Akafungiwa miaka 3. Jemima Sumgong, bingwa wa Olimpiki wa 2016, alidai EPO aliipata hospitalini akitibiwa. Hospitali ikakana kumpa tiba hiyo, na adhabu yake ya miaka 4 ikafuatwa na nyingine ya miaka 8 kwa kudanganya wachunguzi. Aliyekosea kwa bahati mbaya ana haja gani ya uongo?

Dai la tatu: njaa ndiyo inayowasukuma. Kwa kijana wa kambini anayetegemea mbio moja imlipie kodi na karo ya wadogo zake, naielewa hoja hii. Lakini Rita Jeptoo aliponaswa mwaka 2014 alikuwa ameshashinda Boston mwaka 2006 na 2013. Kiprop alikuwa bingwa wa dunia mara 3. Njaa gani hiyo isiyoshibishwa na ushindi wote huo? Na aliyemaliza wa nne bila dawa, akakosa zawadi aliyostahili, yeye si maskini? Huyo watetezi hawamtaji kabisa.

Dai la nne: ruhusuni wote, uwanja uwe sawa. Wote wakitumia kwa kipimo kile kile, faida ya kila mmoja inafutwa na ya mwenzake. Kinachobaki ni madhara. EPO huongeza chembe nyekundu na kuifanya damu iwe nzito, nayo damu nzito huleta hatari ya kuganda, kiharusi na maradhi ya moyo. Wasipotumia kwa kipimo kimoja, mwenye daktari bingwa atamshinda mwenye sindano ya uchochoroni, na usawa umekwisha. Hata uhuru wa kuchagua ambao ruhusa hiyo ingeleta ni jina tu. Ujerumani Mashariki iliwapa wanamichezo wake homoni, wakiwemo wasichana wadogo walioambiwa ni vitamini. Ushindi unapotegemea dawa, anayeikataa anaachwa nyumbani.

Sasa yawekeni madai yote mezani. Aliyemeza bila kujua hakusukumwa na njaa. Aliyesukumwa na njaa alijua alichokifanya, basi hakuonewa. Na anayetaka dawa ziruhusiwe amekwisha kukiri kwamba zinatumika na zinasaidia. Mshtakiwa mmoja hawezi kuwa hakutumia, alitumia bila kujua, alitumia kwa shida, na alikuwa na haki ya kutumia. Hoja yangu ni moja: marufuku ibaki, kwa sababu inamlinda mwanariadha wa Kenya aliye safi kuliko inavyomwumiza aliyedanganya. Anayetaka kuipinga achague utetezi mmoja, alete na ushahidi wake.