Fundi Mwenye Ujuzi Asifungiwe Mlango



Hapa Bariadi, trekta la mkulima wa pamba likiharibika mwanzoni mwa mvua, humwita fundi wa jirani. Lakini matrekta mengi mapya huendeshwa kwa kompyuta, na wapo watengenezaji wanaowanyima mafundi wa nje programu za kutambua hitilafu. Sababu itolewayo ni usalama.

Sababu hiyo haitutoshelezi. Tazameni parachuti, chombo ambacho kosa moja huua. Marekani, parachuti ya akiba hukaguliwa na kukunjwa na fundi mwenye cheti cha serikali, ndani ya siku 180 kabla ya kutumiwa. Wala si lazima awe mwajiriwa wa kiwanda. Usalama hulindwa kwa mafunzo na cheti, si kwa siri. Huko huko, mwaka 2023, jimbo la Colorado lilitunga sheria ya kuwalazimu watengenezaji wa zana za kilimo kuwapa wakulima na mafundi wa nje vipuri, programu na miongozo.

Nasi twasema: serikali yetu iwadai wauzaji vivyo hivyo, na VETA iwafunze vijana wetu ufundi huo. Aliyenunua jembe kwa jasho lake asiombe ruhusa ya kulinoa.