Daftari la Ziwa Lisiwe la Mtu Mmoja

Mwishoni mwa mwaka 2022, wafugaji wa samaki wa vizimba katika Ziwa Viktoria, upande wa Kisumu, walipoteza samaki wengi kwa ghafla. Watafiti walitaja upungufu wa oksijeni majini; baadhi ya wafugaji wakashuku uchafuzi wa ziwa. Mizozo ya aina hii huwa vigumu kuamuliwa pale ambapo kumbukumbu za maji zimo mikononi mwa upande mmoja.

Siku hizi vipo vihisio vinavyotumbukizwa kizimbani, vikapima oksijeni na joto la maji, kisha vikapeleka tarakimu kwa mtandao wa simu. Swali linalozuka ni hili: nani atazilinda tarakimu hizo zisichezewe? Teknolojia ya blokucheni, iliyojulikana kufuatia andiko la Satoshi Nakamoto kuhusu Bitcoin mwaka 2008, inatoa jibu moja. Kila ukurasa wa kumbukumbu hubeba muhtasari wa ukurasa uliotangulia, na nakala hukaa kwa wengi: mfugaji, kikundi cha ufuo, mtafiti na serikali. Atakayebadilisha tarakimu kwake ataumbuliwa na nakala za wenzake.

Hata hivyo, tusihadaike. Daftari hili huzuia kughushiwa kwa kilichoandikwa. Halithibitishi kuwa kilichoandikwa ni kweli. Kihisio kilichoota mwani hudanganya, na uongo wake ukahifadhiwa kwa uaminifu uleule. Kukisafisha na kukikagua kungali kazi ya binadamu.

Hapa ndipo tunapohusika sisi wanafunzi wa Kiswahili. Neno "sensa" tayari ni hesabu ya watu, na "kihisishi" ni aina ya neno katika sarufi. Ndiyo sababu nimetumia "kihisio". "Mnyororo" nao humkumbusha msomaji pingu. Badala ya "blokucheni" napendekeza "daftari la ushirika". Mama muuza samaki wa Dunga aliyemo katika chama cha kuweka akiba ataielewa mara moja, kwani chamani fedha huhesabiwa na kuandikwa mbele ya wote.

Istilahi njema si pambo. Mfugaji asiyeweza kukitaja kitu kwa lugha aijuayo hataweza kudai nakala yake, na daftari la wengi litarejea kuwa la mtu mmoja.